Boksi la Ukweli: mwongozo wa kutengeneza mazingaombwe nyumbani kwa betri moja na plasta

Nilipokuwa darasa la nne, alikuja shuleni kwetu mtu wa mazingaombwe. Alivaa koti jeusi saa saba mchana, jasho likimtiririka kama aliyemwagiwa ndoo. Tulilipa kiingilio, tukabanana kwenye madawati, naye akachukua gazeti kuukuu, akalikatakata, akalifunika kwa leso, akapuliza. Leso ilipoondolewa, gazeti lilikuwa limegeuka noti. Noti nyingi, mpya, zisizo na hata kunyanzi moja. Tulipiga makofi mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Baada ya onyesho nilimwona mtu yule nyuma ya ofisi, akimwomba mwalimu mkuu amwongezee nauli ya basi.

Kuanzia siku hiyo nikawa na hamu ya kujua mambo mawili: zile noti zilitoka wapi, na kwa nini hazikufika kituoni.

Mwongozo huu ni matokeo ya hamu hiyo. Nimeuandika kwa ajili yako wewe mwenye boksi la viatu lisilo na kazi, jioni mbili za nafasi, na ukoo mkubwa unaopenda kusikia ukweli wa mtu mwingine. Tutatengeneza Boksi la Ukweli. Ni boksi la kawaida lenye taa moja ya kijani juu yake. Mtu anasema jambo. Likiwa la kweli, taa inawaka. Likiwa la uongo, taa inanyamaza kama mweka hazina aliyeulizwa michango ya harusi imefikia wapi. Hakuna kitufe, hakuna waya unaoonekana, na wewe mwenyewe umelishika tu kwa heshima, kama mtu aliyebeba keki.

Mahitaji

Boksi la viatu. Liwe la karatasi ngumu. Usijifanye mjanja ukachukua kopo la biskuti kwa sababu linang'aa. Bati huvuta nguvu ya sumaku likaipitisha mwilini mwake, na ndani haifiki ya maana.

Taa ndogo ya LED, ya kijani. Usinunue kabla hujapekua droo. Kila nyumba ina chaja ya kobe iliyostaafu, ile ya kubana betri ya simu kama kaa, na humo mna taa za rangi.

Betri ya mraba ya volti 9, pamoja na kofia yake yenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi.

Rezista moja ya omu 470. Ina mistari ya njano, zambarau na kahawia, kisha mara nyingi wa dhahabu mwishoni. Mstari wa dhahabu haumaanishi kwamba ni ya thamani. Maana yake ni kwamba kiwango halisi kinaweza kupotoka kwa asilimia 5, jambo ambalo hata sisi wanadamu tungepaswa kuandikwa ubavuni.

Swichi ya sumaku. Hiki ni kijibomba cha kioo, unene wake karibu na wa njiti ya kiberiti, chenye mguu wa chuma kila upande. Kimo ndani ya vile vidude vyeupe vya alamu vinavyobandikwa milangoni.

Sumaku ndogo. Itoe kwenye hedifoni zilizokufa sikio moja. Hilo sikio lililokufa bado lina sumaku hai.

Plasta ya kidonda. Kidonda hakihitajiki.

Uso mkavu. Huu hauuzwi popote, na bila huo vitu vingine vyote ni takataka.

Kuhusu manunuzi

Nilikwenda Kariakoo kutafuta ile swichi. Muuzaji alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wa rimoti.

“Kaka, una swichi ya sumaku?”

“Ya friji?”

“Hapana, ya alamu ya mlango.”

“Una duka?”

“Sina.”

“Nyumba yako ina geti?”

“Nimepanga.”

Akaniangalia kwa huruma. “Sasa bosi wangu, unamlindia nani mlango?”

Nikamwambia ukweli, kwamba ni ya mazingaombwe. Huruma ikatoweka. Alivuta droo, akanipa kidude, akapokea hela yangu kwa ncha za vidole, kisha akaihesabu mara mbili na kuikagua kwenye mwanga. Funzo la manunuzi: ukiulizwa, sema una duka.

Hatua ya 1: Elewa kinachotokea ndani ya kioo

Huwezi kudanganya watu vizuri kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hulielewi. Wapo wanaofanya hivyo kila siku, lakini wana mishahara.

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikitikisika alipopitisha umeme kwenye waya uliokuwa karibu. Tangu hapo umeme na sumaku vikajulikana kuwa ndugu. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1936, Walter Ellwood wa maabara za simu za Bell kule Marekani akabuni kijibomba hiki tulichokishika. Ndani yake mna vibapa viwili vyembamba vya chuma, kila kimoja kimetokea upande wake, ncha zao zinapishana bila kugusana. Nafasi iliyo kati yao hata unywele unaijaza. Ukileta sumaku karibu, ncha moja inakuwa kaskazini na nyingine kusini, zinavutana, zinagusana, umeme unapita. Ukiondoa sumaku, vibapa vinarudi mahali pake kama wachumba waliosikia mlango ukifunguliwa.

Swichi hizi zilitumika sana kwenye mitambo ya kuunganisha simu. Leo ziko kwenye alamu za milango na mita za mwendo za baiskeli. Ni kifaa kilichozaliwa kuunganisha watu, na wewe sasa unakipeleka sebuleni kikawachonganishe.

Hatua ya 2: Unga

Njia ya umeme ni moja tu, haina kona. Unatoka upande chanya wa betri, unaingia swichi ya sumaku, unapita kwenye rezista, unaingia mguu mrefu wa LED, unatokea mguu mfupi, unarudi upande hasi. Ukigeuza LED kwa kawaida haitaungua, itagoma tu, kwa sababu umeme hupita humo upande mmoja. Igeuze tena, usiilaani.

Rezista ipo kwa ajili ya adabu. Betri ina volti 9, LED ya kijani inahitaji kati ya 2 na 3. Zinazobaki, 6 au 7, lazima zipokelewe na mtu. Gawanya kwa 470, utapata miliampia kati ya 13 na 15, na LED ndogo kama hii kwa kawaida huvumilia mpaka 20. Ukiiruka rezista kwa kubana matumizi, taa itawaka kwa fahari kuliko taa zote ulizowahi kuziona, itanuka, itakufa. Nimehudhuria mazishi matatu ya namna hiyo, yote mezani kwangu, yote kabla sijasoma aya niliyokuandikia hapa.

Kuunga kwa kusokota nyaya na kufunga tepu nyeusi kunawezekana, lakini boksi likitikiswa, ukweli unakatikakatika. Mimi nilikwenda kwa fundi redio wa mtaani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimpa vitu vyangu, nikamwomba anifundishe kutia risasi. Nilishika pasi ya kuchomelea, nikayeyusha risasi kwenye ncha yake, nikaanza kuipaka kwenye waya. Tone likaviringika, likadondokea kwenye suruali.

“Unapaka siagi?” akauliza fundi bila kuinua macho. “Pasha mguu wenyewe. Mguu ukishapata moto, risasi itakuja mwenyewe.”

Akaonyesha. Aliegemeza ncha ya pasi pale waya ulipokutana na mguu wa rezista, akasubiri kama mtu anayehesabu pumzi mbili, kisha akagusisha risasi upande wa pili, mbali na pasi. Ikayeyuka, ikanywewa kati ya vyuma viwili mara moja, ikatulia iking'aa. Moshi mdogo wenye harufu ya utomvu ukapanda. Ilipofika zamu ya kijibomba cha kioo, alibana mguu wake kwa koleo karibu na kioo ndipo akaukunja kwa nje. “Ukiukunja huku kioo kinaona, kinapasuka,” alisema. Hakuniuliza kitu hiki ni cha nini. Alipomaliza alipitisha sumaku, taa ikawaka, akasema, “Haya, nenda kadanganye watu.”

Hatua ya 3: Ficha

Toboa tundu dogo juu ya boksi, ichomoze LED, ifunike kwa kizibo cheupe cha chupa ya maji ili mwanga utawanyike na uonekane wa kiroho. Betri ibandike sakafuni mwa boksi. Swichi ya sumaku ibandike ndani ya ukuta wa kulia, ikiwa imelala, pale ambapo kidole chako cha kati hufika ukilishika boksi bila kufikiri. Mahali hapo patafute kwanza huku umefumba macho. Usiupangie mkono mahali pako, mkono una mahali pake tayari.

Sasa siri moja ambayo itakuokolea wiki nzima. Ukielekeza uso wa sumaku katikati kabisa ya kijibomba, taa haiwaki. Utaapa kwamba swichi imeharibika. Kumbe ncha zote mbili zimepata nguvu ya aina moja, na zinazofanana hazivutani. Sogeza sumaku kidogo kuelekea mwisho mmoja wa kijibomba, utaona taa. Kwa hiyo kidole chako kikae nyuma kidogo, nje ya boksi, na kinapotakiwa kusema kweli kitambae mbele kiasi cha upana wa kidole gumba. Hiyo ndiyo kazi nzima. Viapo, kunong'ona na kutazama dari ni mapambo.

Hatua ya 4: Vaa plasta

Sumaku inakaa ubavuni mwa kidole cha kati, chini ya plasta. Toleo langu la kwanza halikuwa na hedifoni. Nilitumia sumaku niliyoitoa kwenye hadidiski ya kompyuta iliyokufa, na naomba uelewe kwamba sumaku hizo zina nguvu ya kufinya ngozi mpaka ikaacha alama. Nilifanya mazoezi jikoni kati ya masufuria, mambo yakaenda vizuri, kwa sababu alumini haivutwi. Asubuhi nikakaribishwa chai kwa mama mwenye nyumba. Akaninyooshea mihogo kwenye sahani ya bati, ile nyeupe yenye maua mekundu. Nilinyoosha mkono kuchukua kipande kimoja, nikaondoka na sahani nzima.

“Baba, si uchukue tu,” akasema. “Umekula jana?”

Ndipo nikahamia kwenye hedifoni.

Hatua ya 5: Jifunze kunyamaza

Waswahili waliliita jambo hili kiinimacho, na jina limetaja mahali kazi inapofanyika. Fundi alimaliza sehemu yake kwa dakika ishirini. Macho ya watu yalinichukua miezi miwili.

Watazamaji hutazama unapotazama. Ukikiangalia kidole chako, umekwisha. Mwangalie usoni yule anayeulizwa, na wote watamgeukia yeye, kwa sababu hakuna kinachovutia kama uso wa mtu anayesubiri kuumbuliwa.

Usiwashe taa mara moja. Taa inayojibu papo hapo ni swichi, na kila mtu ana swichi kwao. Taa inayosita sekunde mbili inafikiri. Ikisita tatu, ina habari zaidi ambazo imeamua kutozisema.

Anza na maswali ambayo kila mtu anajua majibu yake. “Unaitwa Juma?” Taa. “Umezaliwa Tanga?” Taa. Hapo hujaonyesha chochote, lakini boksi limeshapata sifa ya mkweli, na sifa ya mkweli ni mtaji wa kwanza wa kila tapeli. Kisha mara moja liache likose kuwaka kwenye jambo dogo la kweli, uligonge kidogo, useme, “Leo limechoka.” Tangu hapo hakuna atakayelifikiria kuwa mashine. Mashine tunazidai zifanye kazi, miujiza tunaisamehe.

Hatua ya 6: Onyesho

Nililizindua boksi siku ya Idi pili, baada ya pilau, watu wakiwa wameshiba na hawana nguvu ya kuchunguza. Juma, Tanga, taa. Mjomba akasogea. Mjomba ana deni la shemeji yake tangu enzi za simu za kukunja.

“Sema neno, mjomba.”

“Lile deni nitalilipa mwisho wa mwezi.”

Nilimtazama usoni. Sebule nzima ikamtazama usoni. Taa haikuwaka. Haikuwaka tena. Shemeji akakohoa. Mtoto mmoja akauliza, “Mwezi gani?” na nyumba ikaanguka kwa kicheko, mjomba mwenyewe akiongoza, akisema boksi hili limehongwa.

Nilikuwa nimekwisha kujiona gwiji, ndipo likatokea ambalo hakuna mwongozo uliolitaja. Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kuona plasta akaipita.

“Kidole kimefanyaje?”

“Wembe, shangazi. Kidogo tu.”

“Tangu lini?”

“Juzi.”

“Plasta ya juzi hiyo? Njoo hapa.”

Watu wa mazingaombwe wa dunia nzima wamejiandaa kwa ajili ya mtazamaji mwenye shaka. Hakuna aliyejiandaa kwa ajili ya mtazamaji mwenye huruma. Alinivuta mpaka dirishani penye mwanga, akaipa sebule mgongo, akabandua plasta kwa mbano mmoja wa kitaalamu. Kidole kizima. Sumaku ikamwangukia kiganjani. Aliiangalia, akaniangalia, akaliangalia boksi lililobaki mezani. Kisha akairudisha palepale ilipokuwa, akabandika plasta, akaikandamiza kwa kidole gumba.

“Kidonda kibaya hiki,” akatangaza kwa sauti ya wodini. “Mtu asikiguse.”

Jioni hiyo yeye ndiye aliyekuwa akileta watu mbele ya boksi mmoja mmoja, na maswali aliyachagua mwenyewe. Kumbe alikuwa na mambo yake na ukoo ule. Funzo: vaa pete.

Maonyo

Hapa kejeli inapumzika. Sumaku ndogo mbili zikimezwa na mtoto zinaweza kuvutana zikabana utumbo katikati yake na kuutoboa; akimeza, ni hospitali siku hiyo hiyo, si kusubiri zitoke. Vivyo hivyo kwa zile betri bapa za kitufe, ambazo huunguza koo. Sumaku kali zikae mbali na mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo na mbali na kadi za benki zenye mstari mweusi. Na usishawishike kamwe kuliunga boksi kwenye umeme wa ukutani ili taa iwe kubwa. Volti 230 hazina mzaha, na ukweli utakaojulikana hapo ni mmoja tu.

Hatua ya 7: Jiandae kuaminiwa

Ukishindwa, watakucheka, yataisha. Tatizo ni kufaulu.

Aliyefaulu kupita kiasi alikuwa Mfaransa, Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyegeuka mtu wa mazingaombwe. Huyu ndiye ambaye Houdini, yule Mmarekani wa minyororo, alilinyofoa jina lake. Robert-Houdin alikuwa na kisanduku chenye bamba la chuma chini yake, na chini ya jukwaa alificha sumaku-umeme. Umeme ukizimwa, mtoto angeweza kukibeba kisanduku, ukiwashwa, hakiinuki. Paris, miaka ya 1840, kilikuwa mchezo wa jioni wa watu wenye kofia ndefu. Mwaka 1856 serikali yake ilimpeleka Algeria, nchi ambayo Wafaransa walikuwa wameivamia tangu 1830, akawaonyeshe wenyeji kwamba uwezo wa Mfaransa unapita wa masheikh wao wenye karama. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwita jukwaani mwanamume mwenye misuli, akamwinulisha kisanduku. Kisha akamwambia, “Sasa umekuwa dhaifu kuliko mwanamke,” na kumwambia ajaribu tena. Mtu yule alivuta bila mafanikio, na umeme mwingine ukapitishwa kwenye mpini, ukampigisha magoti. Mzungu alikuwa amevuka bahari na betri ili amnyang'anye mtu nguvu ambazo hakuwahi kumpa.

Kinachonichekesha na kunitisha kwa pamoja ni kilichofuata. Robert-Houdin anasimulia kwamba baadaye wakalimani waliagizwa kuwaeleza watu kuwa yote yale yalikuwa ufundi wa mikono tu, si uchawi. Maana walikuwa wameogopa kuliko ilivyotakiwa. Kwanza serikali inamlipa mtu kujenga imani, halafu inawalipa wakalimani kuibomoa. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza kama wakalimani wale walifanikiwa.

Nilipata jibu siku ya nne baada ya Idi, saa tatu usiku. Jirani yangu alibisha hodi. Ni mtu mzima, mwenye kazi yake na watoto wawili shuleni, na hakuwapo siku ya pilau, alisimuliwa. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa mkeka, mechi saba.

“Kaka, sikuchoshi. Naomba liniambie hizi mbili za mwisho tu. Tano nina uhakika nazo.”

Nilijisikia vibaya, kwa kweli. Nikamkaribisha ndani, nikawasha taa kubwa, nikafungua boksi. Nilimwonyesha betri. Nilimwonyesha waya mwekundu na mweusi, rezista na mistari yake, kijibomba cha kioo na vibapa vyake. Nilimweleza habari za kaskazini na kusini. Nilibandua plasta, nikamwekea sumaku kiganjani. Nilikuwa mkalimani wa serikali, hatua kwa hatua, bila kuruka neno.

Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akatikisa kichwa taratibu.

“Nimekuelewa, kaka. Hili ndilo la kuonyesha watu.” Akasogeza kiti. Akashusha sauti. “Lile lenyewe umeliweka wapi?”

Nikaona maneno hayatoshi. Nikaifunga sumaku kwenye kidole chake mwenyewe kwa plasta mpya, nikafunika boksi, nikamkabidhi alishike. “Sogeza kidole mbele. Kidogo tu. Ujionee mwenyewe kwamba hakuna kitu.”

Akasogeza. Taa ya kijani ikawaka, ikammulika kidevu. Alirudisha kidole, ikazimika. Akasogeza tena, ikawaka. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akiutazama mkono wake wa kulia kama anayeuona kwa mara ya kwanza.

“Kumbe,” akasema kwa sauti ndogo, “na mimi ninayo.”

Hatua ya 8: Toa betri.